Uzi: Kisiwa cha Krete, Ugiriki. Uende mwezi gani? (Nimekwenda mara nne, misimu minne)

BintiPangani (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam,

Kila ikifika Januari simu yangu inajaa ujumbe wa aina moja. Ndugu, marafiki, hata watu niliosoma nao Tanga zamani: "Mwaka huu nimepata likizo, nataka nikaone visiwa vya Ugiriki, niende lini?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora nianzishe uzi, ubaki hapa kwa yeyote atakayeuhitaji. Ni mrefu, vuteni viti.

Nitazungumzia kisiwa kimoja tu, Krete. Nipo Ujerumani mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi ya uuguzi, na Krete nimekwenda Agosti, Februari, Mei, na mara ya mwisho Oktoba nikiwa na mama yangu mzazi, aliyekuja kunitembelea kutoka Pangani. Visiwa vingine nimepita tu, na siwezi kumshauri mtu kwa kupita.

Jibu langu kwa wenye haraka: kati ya tarehe 20 Septemba na 20 Oktoba. Lakini nawasihi msome na sababu, maana likizo yako huenda isiangukie hapo, na ukizijua sababu utajipangia mwenyewe.

Kalenda ya nyumbani iache nyumbani

Sisi watu wa pwani mwaka tunausoma kwa upepo. Kaskazi, kusi, na katikati yake tangambili. Masika yanaanza Machi, na jua linazama saa kumi na mbili na ushee, mwaka nenda mwaka rudi. Krete ipo nyuzi 35 kaskazini mwa ikweta na mambo huko yamepinduka. Mvua yao ni ya majira ya baridi. Inaanza kuchungulia mwishoni mwa Oktoba, inakolea Desemba na Januari, inakatika Aprili. Juni mpaka Agosti mvua karibu haipo kabisa, na vilima vinakauka vinabaki rangi ya ukoko wa mkate. Anayetaka kijani na maua asiende wakati huo, atapiga picha za miiba.

Na urefu wa siku nao ni jambo la kulipiga hesabu. Mwishoni mwa Juni jua linazama baada ya saa mbili na nusu usiku. Desemba linazama saa kumi na moja na dakika chache, na asubuhi linachomoza saa moja na nusu. Kisiwa kina urefu wa kama kilomita 260 na barabara za milimani ni kona tupu, kwa hiyo aliyepanga siku tano za Desemba ajue nusu ya safari zake atarudi gizani.

Agosti, na upepo ambao hakuna aliyenitajia

Mara ya kwanza nilikwenda Agosti kwa sababu ndipo nilipopewa likizo, na kwa sababu nilidhani kiangazi ndicho kisiwa. Nilinunua kifurushi kwa wakala mmoja, ndani yake kukiwa na safari ya mashua kutoka Kissamos kwenda Balos, ile ghuba ya mchanga mweupe mnayoiona kwenye picha. Siku ya kwanza tuliambiwa mashua haitoki. Siku ya pili haitoki. Ya tatu haitoki. Na mbingu safi, hakuna hata wingu la kusingizia! Nilisimama bandarini nimeshika tiketi, naangalia bahari iliyojaa povu jeupe mpaka upeo wa macho, ndipo mzee mmoja muuza maji akaninyooshea kidole kaskazini na kusema neno moja: "Meltemi."

Huo ndio upepo wa Bahari ya Aegean. Unatokana na mgandamizo mkubwa wa hewa upande wa Balkani kukutana na mgandamizo mdogo juu ya Uturuki, ambako ardhi imechemka kwa joto. Hewa inasukumwa kushuka kusini siku baada ya siku, na unavuma kwa nguvu zaidi Julai na Agosti. Wakati mwingine siku tatu, wakati mwingine wiki. Ufukwe wa Falasarna jioni ile mchanga ulikuwa unanichoma miguuni kama sindano, na nilijifunga kanga kichwani nikabakiza macho tu. Pesa ya mashua wakala alikataa kuirudisha, akasema hali ya hewa si kosa lake.

Msidhani kusini mwa kisiwa mtasalimika. Milima inaukinga upepo, ndiyo, lakini unapopata upenyo kwenye makorongo unaporomoka kwa kishindo. Plakias wanajulikana kwa hilo.

Halafu watu. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria kwa Waorthodoksi, na Wagiriki wenyewe wanakuwa likizo, juu ya wageni. Chumba kilekile nilichokuja kukilipia euro 45 kwa usiku Oktoba, Agosti kilikuwa 110.

Na joto, wakuu, si la kuchezea. Juni 2024 watalii kadhaa walifariki katika visiwa vya Ugiriki baada ya kutoka kutembea kwa miguu juani. Mwanzoni mwa Julai 2025 moto wa nyika karibu na Ierapetra, kusini mashariki mwa Krete, ulifanya zaidi ya watu elfu moja wahamishwe, wakiwemo wageni wa mahotelini. Nasema kama muuguzi: mtu kukulia Tanga hakumkingi na jua la nchi kavu lisilo na unyevu. Jasho linakauka kabla hujaliona, hujui kama unaishiwa maji.

Kama una watoto wa shule na huna mwezi mwingine, basi amka mapema. Kasri la Knossos fika saa mbili asubuhi linapofunguliwa, saa tano uwe umeshatoka. Mchana lala kama wenyeji.

Naendelea na Februari, nisubirini kidogo.

MkaziWaKilifi

Niko siti ya mbele dadangu. Endelea.

BintiPangani

Februari

Sikuitegemea, na niliipenda. Ndege za moja kwa moja kutoka Ujerumani nyingi huwa zimesimama toka Novemba, kwa hiyo nilipitia Athens. Hoteli za ufukweni zimefungwa, viti vimerundikwa, mbwa wanatembea barabarani. Atakayekwenda kukaa Malia au Elounda Februari atalia. Lakini Heraklion, Rethymno na Chania ni miji ya watu. Masoko yapo, wanafunzi wa chuo kikuu wapo, mikahawa imejaa wenyeji.

Kwenye jumba la makumbusho la Heraklion nilisimama mbele ya Diski ya Phaistos peke yangu. Ni kibamba cha udongo kilichofukuliwa mwaka 1908, kimepigwa mihuri ya alama kwa mzunguko kama kamba ya ukili, na mpaka leo hakuna aliyeweza kuisoma kwa namna iliyokubalika na wote. Agosti nilikiona mgongoni mwa watu. Februari nilikitazama mpaka miguu ikachoka.

Milozi ilikuwa imechanua maua meupe, machungwa yapo mitini, na mlima Psiloritis wenye mita 2,456 ulikuwa na theluji. Mvua ilininyeshea siku nne kati ya nane. Kuogelea sahau, maji ni kama nyuzi 16.

Tahadhari moja ya mwisho wa baridi na mwanzo wa majira yao ya maua: upepo wa kusini, unaotoka Libya ukibeba vumbi la Sahara. Machi 2018 anga la Krete liligeuka rangi ya chungwa kwa vumbi hilo. Mwenye pumu asafiri na dawa zake mkononi, sio kwenye begi kubwa.

MkaziWaKilifi

Dadangu, swali. Kila mahali nikisoma wanasema Mei na Oktoba ni sawa, hali ya hewa ni ileile, chagua unayotaka. Nami nilikuwa nishaanza kupangia Mei na mke wangu. Mbona wewe umetaja Oktoba peke yake?

BintiPangani

Asante kaka, hapo ndipo penyewe.

Hewani ni kweli zinakaribiana. Mchana Mei na mchana Oktoba unavaa nguo ileile. Lakini bahari haiendi na hewa. Maji yanachelewa kupata joto na yanachelewa kupoa. Mei bahari ndiyo kwanza inatoka kwenye baridi, ni kama nyuzi 20. Oktoba imekunywa jua la miezi minne, ni kama 23.

Mzungu atakwambia 20 inatosha, na kwake inatosha, amekulia kwenye maji ya baridi. Wewe umekulia Kilifi, bahari yako haishuki chini ya 24 au 25. Mei niliingia majini ufukwe wa Elafonisi mpaka magotini, nikasikia mifupa inauma, nikatoka. Wenzangu wa kazini waliogelea saa nzima wakicheka. Ushauri mwingi ulioandikwa kuhusu visiwa hivi umeandikwa na watu wenye ngozi iliyozoea mambo mengine, na sisi tunaukopa kama ulivyo. Kwetu sisi bahari ya Krete ni ya kuingia kuanzia Julai mwishoni mpaka Oktoba. Toa miezi ya meltemi na umati, inabaki nini?

Ila Mei ina lake. Maua, kaka. Mabonde yote mekundu na manjano, na juu Milima Myeupe bado ina theluji huku chini watu wamevaa kaptura. Korongo la Samaria, kilomita 16 za kushuka kwa miguu kutoka Omalos mpaka baharini Agia Roumeli, hufunguliwa Mei mosi mpaka mwisho wa Oktoba, na Mei kijito chake kina maji mengi ya kupendeza. Kama wewe na shemeji ni watu wa kutembea na bahari si hoja, nendeni Mei kwa moyo mweupe. Pasaka ya Kiorthodoksi nayo iangalieni, haifuati ya kwetu kila mwaka. Mwaka 2027 ni tarehe 2 Mei. Usiku wa Jumamosi wanachoma sanamu ya Yuda na mishumaa inatoka makanisani mpaka majumbani. Ila magari na vyumba hupatikana kwa shida wiki hiyo.

AbuSalim_Maskati

Assalaam alaykum. Nimesoma yote, ahsante sana bibie. Mimi nipingane kidogo. Hapa Maskati Julai na Agosti ni nyuzi 40 na kuendelea, usiku hata ukuta wa nyumba unatoa moto. Sisi tunaokimbia joto la huku, Agosti ya Krete ya nyuzi 29 au 30 na upepo juu yake ndiyo kipupwe. Nilikwenda na familia, tukakaa Chania, watoto walisema hawarudi. Huo upepo unaoulalamikia, sisi tuliushukuru.

Jengine. Huo mji wa Heraklion uliwahi kuwa mji mkuu wa dola ya Waislamu waliotokea Andalusia, kuanzia miaka ya 820 mpaka 961. Waliuchimbia khandaq kuuzunguka, mji ukaitwa hivyo, ndipo likapatikana jina lake la zamani, Candia. Ni neno letu lilelile handaki.

BintiPangani

Waalaykum salaam Abu Salim. Nakubali, na nashukuru umeliweka. Anayetoka Ghuba hesabu yake ni nyingine kabisa. Kwa anayekimbia joto la nyuzi 40, meltemi ni neema. Mimi nilitoka Hamburg ya nyuzi 22 nikitafuta bahari tulivu.

Na kwa kuwa umetaja Chania: nje kidogo ya kuta za mji wa kale, upande wa mashariki, kuna mtaa wa ufukweni unaitwa Koum Kapi. Zama za Waturuki hapo walikuwa wakikaa watu weusi waliotoka Afrika, wapagazi na mabaharia wengi wao. Wengi waliondoka kwenye kubadilishana watu kati ya Ugiriki na Uturuki mwaka 1923. Leo ni mikahawa mitupu. Nilikaa pale na kahawa yangu muda mrefu.

MzeeMuheza

Mwanangu, hongera kwa uandishi. Mimi si msafiri, ni msomaji wa Neno. Matendo ya Mitume sura ya 27, Paulo akiwa Krete, mahali paitwapo Bandari Nzuri, aliwaonya kwamba safari itakuwa na hatari kwa kuwa siku za kufunga zilikwisha pita. Nijuavyo mfungo ule huangukia Septemba au Oktoba. Sasa wewe unawapeleka watu Oktoba. Hebu nifafanulie.

BintiPangani

Shikamoo mzee. Swali lako limenifurahisha, kwa sababu sura hiyohiyo ndiyo iliyompeleka mama yangu Krete. Yeye ni mama wa kanisa, na nilipomuuliza anataka kuona nini Ulaya, hakutaja Paris. Alisema, "Kama si mbali, nipeleke Bandari Nzuri."

Ipo mpaka leo, mzee, na jina ni lilelile kwa Kigiriki: Kali Limenes. Pwani ya kusini. Unatoka bonde la Messara, unapanda milima mikavu, kisha unashuka kwa kona kali mpaka baharini. Tulifika saa nne asubuhi, tarehe 9 Oktoba. Vijumba vichache, kanisa dogo la Mtakatifu Paulo, na mbele yake kisiwa kidogo chenye matangi makubwa ya mafuta ya meli. Mama aliyaangalia matangi, akaangalia kanisa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndiyo hapa?" Nikamwambia ndiyo. Akavua viatu, akaingia majini mpaka vifundoni, akasimama. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na yametulia kama ya kisimani. Akasema, "Sasa hapa Paulo aliogopa nini?"

Jibu la swali lako, mzee, ndilo nililompa mama. Paulo hakuogopa bandari, aliogopa safari ndefu ya tanga kwenye bahari ya wazi wakati majira yanageuka. Ule upepo uliowapiga uliporomoka kutoka kisiwani, kwenye milima, kama huu wa makorongo nilioueleza hapo juu. Hali ya hewa ya Oktoba inaanza vizuri na inaharibika kuelekea mwisho, ndiyo maana mimi naweka mpaka tarehe 20. Baada ya hapo dhoruba za kwanza zinaweza kuja wakati wowote, na mashua za kusini, zile zinazokwenda Loutro na Agia Roumeli ambako gari halifiki, zinapunguzwa. Hoteli nyingi zinafunga mwisho wa mwezi.

Mwanafunzi_DSM

Dada, sisi tunaotokea nyumbani, habari ya visa ikoje? Tuombe lini kwa safari ya Oktoba?

BintiPangani

Ni visa ya Schengen, ile moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usiombe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Kwa Oktoba, anza Mei au Juni, maana katikati ya mwaka miadi hujaa. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima toka Juni 2024, na bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Mama alikaa kwangu wiki sita na Krete siku kumi, kwa hiyo tuliomba ya Ujerumani.

MkaziWaKilifi

Umenibadilisha mawazo dadangu. Tumehamisha hadi mwisho wa Septemba. Sasa niambie, mbali na bahari, Oktoba kuna nini? Mke wangu haogelei.

BintiPangani

Kuna watu wenyewe, kaka. Agosti mwenye mkahawa hana nafasi hata ya kukutazama. Oktoba anavuta kiti.

Zabibu zimeshavunwa, na makapi yake yanapikwa kupata raki. Mtambo wanauita kazani, chungu kikubwa cha shaba chenye bomba linalopita kwenye maji. Anayejua gongo inavyopikwa atautambua mara moja, isipokuwa huko wanapika kwa kibali cha serikali na ni sherehe ya kijiji kizima. Inaanza Oktoba, inashika kasi Novemba. Sisi tulialikwa kwenye kijiji kimoja juu ya Rethymno tarehe 12. Mama hanywi, wakampa komamanga na viazi vilivyochomwa kwenye majivu ya motoni. Mboga waliyoleta ilikuwa vlita, imechemshwa na kutiwa mafuta ya zeituni na limau. Mama alionja akaniambia, "Huu si mchicha?" Ni mchicha, mkuu. Na ule mwingine wanaouita stifnos ni mnavu, ndugu moja kabisa.

Lakini siku nisiyoisahau ni ya Agia Galini, bandari ndogo ya wavuvi. Asubuhi mzee mmoja alikuwa anapigapiga pweza kwenye jiwe la gati. Mama alisimama kumwangalia. Akahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Mzee alipomaliza na kutaka kumtundika kwenye kamba, mama akatikisa kichwa, akanyoosha mkono. Yule mzee akampa. Mama akakunja kitenge magotini, akachuchumaa, akampiga pweza mara ishirini zaidi, akimgeuza kila mara mpaka mikia ikalegea ikawa kama utambi, kisha akamsugua kwa mzunguko juu ya jiwe mpaka povu likatoka. Mzee akamshika pweza mkia, akauvuta, akaita mkewe aje aone. Mchana tulikula kwao. Hawakukubali pesa.

Agosti gati hilo lisingekuwa na nafasi ya mtu kuchuchumaa.

MkaziWaKilifi

Nimesoma hii mara mbili. Mwisho kabisa: nguo?

BintiPangani

Nyepesi za mchana, sweta moja la asubuhi na jioni. Mama alilivaa saa moja, saa nne akalivua, na jua lilipozama akalitafuta tena. Viatu vya kufunga kwa ajili ya Knossos na makorongo, mawe yamesuguliwa yanateleza. Na mwambie shemeji achukue kanga mbili.